Goti la Qusai

Nizwa, Jumamosi

Kwako Dada Mahbouba,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, presha imetulia, na shemeji anavumilia joto la huko Sur. Sisi hapa wazima, ila mimi sipati usingizi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika.

Ulisikia timu yetu ya mpira wa magongo ilishuka daraja, wakaniita mimi niijenge upya. Walinipokea kwa halwa na kahawa, kila mzee akinikumbusha mabao niliyofunga zamani. Kichwa kikanivimba. Kumbe kufunga ni kitu kimoja na kufundisha ni kingine kabisa. Niliwaondoa wakongwe sita, nikaleta vijana, tukafungwa mechi tano mfululizo. Siku hizi nikipita sokoni, wazee wale wale wanajifanya wanachagua tende.

Kilichoniponza ni mdomo. Nikipandwa na jazba nasahau Kiarabu, nafoka kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Vijana wa kwetu wananielewa. Marzouq, mlinda mlango wetu kutoka Ras al Hadd, anabaki kunitazama. Siku moja nilimpigia kelele aangalie kushoto, hakuelewa, bao likaingia, nami nikamlaumu mbele ya watu. Akaniuliza kwa upole kama timu hii ni ya mji au ya nyumbani kwetu. Kamati ya timu ikaniita, ikasema napendelea Wazinjibari, yaani sisi wenye asili ya Zanzibar, na wa kwanza kutajwa akawa mwanao Qusai.

Sasa nisikilize, dada. Nilikwambia Qusai ameumia goti. Si kweli. Nilimtoa mimi kikosini, naye ndiye mchezaji wangu bora. Ningependa uamini ni kwa sababu ya maneno ya kamati, lakini hiyo ni nusu tu. Wiki ile mazoezini nilishika gongo niwaonyeshe vijana, Qusai akaninyang'anya mpira mara tatu. Watu wakacheka, wakasema mjomba amekwisha. Nilicheka nao, na moyoni nikamwonea wivu mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika gongo. Nilipomtoa hakubisha. Aliniuliza tu, "Na mama nimwambie nini, mjomba?" Nikampa uongo wa goti, na kwa kuniheshimu ameubeba mpaka leo.

Jana tumefungwa tena. Kesho mazoezini nitawaambia wote haya, kwa Kiarabu, na Marzouq nitamwomba radhi. Kamati wakinifukuza wana haki. Qusai nitamfuata mwenyewe. Akikataa kurudi, sitamlaumu.

Nisalimie shemeji, na binti yako Shouq umwambie namkumbuka sana. Asya mke wangu ameniambia kila Alkhamisi Qusai akija kwako unamkanda kwa mafuta ya karafuu, na yeye anajilaza kimya. Usimkande tena, dada. Goti lile zima.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuomba radhi,
Amour