Kufuli la Nyimbo Ulilotutumia

S.L.P. 87,
Same, Kilimanjaro.
14 Septemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Eliezeri,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuvusha wiki nyingine. Hujambo huko Uswidi? Mkeo Naomi hajambo, na watoto wanaivumiliaje hiyo baridi? Sisi huku ni wazima, ila mgao wa umeme umerudi, na shemeji yako Majaliwa na steshenari yake hawalali. Umeme ukiwaka saa ya kula, anakimbilia kompyuta, chakula kinapoa.

Mama pia ni mzima kule Chome. Ni miguu tu iliyogoma kushuka mlima. Habari zake ndizo zitakazojaza barua hii, kwa hiyo kaa vizuri.

Unajua kwaya yetu imerekodi tena, na safari hii tumeuweka ule wimbo wa Chasu, Kipare chetu, alioutunga mwenyewe, aliokuwa akituimbia tukichuma kahawa. Alituma salamu kwamba anataka kuusikia kabla hajaitwa. Nikamjibu, Mama, utausikia. Jibu hilo ndilo lililoniingiza matatani.

Kaseti yetu ya kwanza, Asheri wa pale stendi aliinakili mpaka ikafika Tanga, za kwetu zikabaki kwenye boksi. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Nathanaeli, akapiga marufuku kaseti. Safari hii ni sidii tu, za kusikilizwa kwenye kompyuta, tena zenye kufuli lako lisilofunguka bila neno la siri. Nami, kwa kuwa ni mlezi wa kwaya, nikasimama mbele ya kamati nikaahidi kwamba sitatoa kaseti hata moja, na nikiikuta ya wizi nitaikamata.

Nikusimulie walivyolipokea kufuli lako. Nilieleza kama ulivyoniandikia: ni programu ya bure, imeandikwa na watu wa nchi nyingi kama msaragambo, kila mtu na jembe lake, na maandishi yake ya ndani yako wazi, anayetaka asome. Mzee Nathanaeli akavua miwani.

"Mama Clemence, kufuli gani hili linalokuja na maelezo ya namna lilivyoundwa?"

Nikamwambia, mzee wangu, hata kufuli la dukani kila fundi anajua lilivyoundwa, lakini ufunguo wa mlango wako hana. Nikaongeza mfano wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia: kizibo chake kila mtu Chome anajua kukichomoa, tangu utotoni, na bado maji yanakaa mpaka zamu ya mtu ifike.

"Ndiva tunailinda wote kwa sababu wote tunamwagilia," akasema. "Na mwizi wa maji, mahindi yake yanamtangaza. Asheri akiiba wimbo, kitaota nini?"

Akaendelea, "Na mnunuzi tunampa hilo neno la kufungulia?"

"Tunampa, mzee. Bila neno hatasikia kitu."

"Na mnunuzi akiwa Asheri?"

Mdogo wangu, hilo hukuniandikia. Nilimtazama Majaliwa, Majaliwa akatazama dari. Walipitisha tu kwa sababu uji ulikuwa umefika.

Basi, uzinduzi ukafanyika Jumapili, uwanja wa karibu na stendi, spika kubwa za kukodi. Mpaka siku hiyo neno la siri tulilijua wanakamati peke yetu. Mzee Nathanaeli akaombwa aziweke sidii wakfu, nawe unamjua, hakuna kitu anachokiacha nje ya maombi. Akaiombea mvua, akaiombea barabara ya Chome, akaiombea bei ya kahawa, kisha akapaza sauti: "Na neno letu la siri, ee Bwana, yaani shengena, herufi zote ndogo, ulifiche mbali na masikio ya wezi!"

Spika zikalipeleka mpaka barabara kuu. Watu wote wakaitikia Amina. Asheri naye alikuwepo, kofia mkononi, na Amina yake ilikuwa ya unyenyekevu kuliko zote.

Baadaye nilimwuliza Mzee ilikuwaje. Akanishangaa. "Mama Clemence, yaani nimfiche Mungu?"

Asheri akanunua sidii moja, akaifungua, na wiki haikuisha, kaseti zake zikawa mezani stendi. Na walionunua kwa haki je? Mchungaji aliandika Shengena kwa herufi kubwa, kwa heshima ya mlima, kufuli likamkataa. Wengine hawana kompyuta, sidii wameitundika ukutani. Inang'aa vizuri.

Sasa Mama. Chome kwetu umeme haujafika. Majaliwa akashauri tubebe kompyuta na jenereta ya kuazima, nikamwuliza na wewe tutakubeba na nini. Kaseti ya Asheri ilikuwa inauzwa karibu na mlango wangu, nami napita nikitazama pembeni kama mtu anayepita baa. Nilikuwa nimemwahidi Mama, nimeiahidi na kamati. Nikakosa pa kushika. Mwisho nikamwomba Mzee Nathanaeli tupande wote, amweleze Mama kwa kinywa chake kwa nini hatausikia wimbo wake.

Tulipanda na Land Rover ya abiria, tukamalizia kwa miguu. Kabla hatujaifikia migomba ya nyumbani nikasikia sauti ya Faraja, mwimbishaji wetu. Kisha sote tukaitikia. Kisha ikaja besi ya Mzee Nathanaeli mwenyewe, wakati Mzee Nathanaeli yuko nyuma yangu anahema. Kaseti ya Asheri ilikuwa imetutangulia, jirani amemletea Mama.

Mama yuko barazani, redio mapajani.

"Shikamoo, mama," Mzee akasema.

"Marahaba. Kaa hapo. Usiongee, unakaribia kuingia tena."

Akakaa. Mimi nilikuwa na ahadi ya kukamata, na mkono wangu ulifika mpaka kwenye redio. Mama akautazama. Ukarudi wenyewe. Mara Mzee akaanza kuimba besi juu ya besi yake, macho amefumba, na mimi machozi yakanitoka, sijui ya aibu au ya furaha.

Wimbo ulipoisha Mama akasema, "Mmeimba haraka kama mnafukuzwa. Ubeti wa pili mmeupeleka wapi? Na huyu Asheri anayejitaja mwanzoni, wimbo wangu kautunga lini?"

Mzee akaeleza wizi wote, na kufuli, na neno la siri. Maombi aliyaruka, nikayajazia mimi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwambieni Eliezeri kufuli lake ni imara," akasema. "Limewafungia nje wenye nyimbo."

Kisha akatuimbia ubeti mpya, alioutunga siku zile akitusubiri. Ndani yake kaitaja Chome, kaitaja kwaya, na marehemu Baba. Asheri akiyakata majina hayo, wimbo unachechemea; akiyaacha, yanamtangaza kama mahindi ya mwizi wa maji. Mzee Nathanaeli aliposikia na lake limo, marufuku ya kaseti ikaisha palepale. Desemba tunarekodi upya, na Mama anataka tumbebe ashuke aanzishe yeye.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usitutumie kufuli jingine. Hao wenzako wanaoliboresha wasalimie sana, uwaambie swali la Mzee Nathanaeli bado linasubiri jibu: mtu uliyempa ufunguo utamfungiaje? Ukitaka kutuma kitu, Mama anaomba betri kubwa za redio. Za sasa zimechoka, wimbo unajivuta, na besi ya Mzee imekuwa ya ng'ombe.

Majaliwa na Clemence wanakusalimu, na Mzee Nathanaeli anasema anakuombea. Nimemsihi aombe kimoyomoyo. Mungu wa Baba yetu akufunike wewe na nyumba yako, awarudishe Chome Mama akiwa bado na sauti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kila Sabato na siku zilizobaki,

Evaline
(Mama Clemence)