Mtu wa Kunisomea Karatasi

Jumanne, 2 Machi 1954
Mvua tangu alfajiri. Darasa la tatu, hesabu za kugawanya. Nimeandika ubaoni, watoto wakacheka. Kumbe nilikuwa naandika juu ya maandishi ya jana. Sikuyaona. Nimefuta yote, nikawaambia wasome vitabu vyao kimya.

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi.

Jumatano, 10 Machi
Hospitali ya mjini. Daktari alinimulika kwa taa muda mrefu, akahema, akaandika barua mbili kwa Kiingereza. Moja ya mwalimu mkuu, moja yangu. Yangu nimeisoma nje, kwenye jua, karatasi ikikaribia kugusa pua. Mshipa wa jicho umekufa. Hakuna dawa wala kisu. Kabla ya mwisho wa mwaka sitaona kitu. Niache kazi.

Nimerudi nyumbani Kibeta kwa miguu. Mke wangu Kokushubira aliuliza daktari kasemaje. Nikamwambia watu walikuwa wengi, nirudi siku nyingine. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuniuliza tena.

Jumatatu, 15 Machi
Mwalimu mkuu ameniita. Kazi mwisho Juni. Nitapewa kiinua mgongo cha miaka ishirini na sita. Alisema kwa upole. Ningependa angekuwa mkali.

Siogopi umaskini. Kibanja cha migomba kipo, kahawa ipo. Naogopa kalamu. Marehemu baba hakujua kusoma. Alitia dole gumba kwenye karatasi ya mtu aliyemwita rafiki, tukapoteza nusu ya kibanja. Ndiyo sababu alinipeleka shule, ili asiwepo tena mtu wa kutusomea. Na sasa narudi palepale alipokuwa yeye.

Alhamisi, 18 Machi
Habari za kiinua mgongo zimeenea mjini. Jioni amekuja Kaijage na baiskeli yake mpya. Huyu ndiye anayekaa barazani kwa fundi cherehani, pale mjini, akiwaandikia watu barua za kesi na maombi ya serikali. Siku hizi anajiita mshauri wa fedha. Ana tai. Kokushubira alimletea akamwani, kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote, akaenda zake jikoni.

Kaijage anasema fedha iliyolala kwenye akiba ya posta ni fedha mgonjwa. Kuna lori linauzwa, la kubeba kahawa kutoka Muleba. Watu watano wataungana. Yeye ataniwakilisha, atanisomea, atanitilia sahihi, kwa ujira mdogo. Nimemwambia nitafikiri.

Sikumpenda. Lakini anasema vizuri. Na mimi nachoka kufikiri peke yangu.

Jumapili, 21 Machi
Baada ya ibada nimemwomba mchungaji anishikie mambo yangu. Amekataa. Alipata kumtunzia mjane fedha zake, ndugu wa marehemu wakaja kumtukana hadi madhabahuni. Atanikumbuka katika sala. Nimemshukuru. Nimeondoka na hasira.

Ijumaa, 26 Machi
Siku nzima nilikuwa natafuta wino mwekundu. Ulikuwa mbele yangu.

Jumamosi, 3 Aprili
Elia amekuja na basi kutoka Muleba. Ni mwanangu wa kwanza, karani wa maghala ya kahawa. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba ni yeye. Nani mwingine? Ana elimu, hanywi, anampenda mama yake. Nilipanga nimweleze baada ya chakula.

Kabla ya chakula akaiona barua ya daktari ndani ya Biblia. “Taata, hii umesomewa?” Sijui kwa nini nilisema hapana. Pengine nilitaka asome yeye, ili mama yake asikie bila mimi kusema.

Akaisoma kimya kwanza. Kisha akatufasiria. Daktari anasema macho yamechoka kwa vumbi la chaki. Nipumzike. Nikitia dawa ya matone yatarudi, si yote, lakini ya kutosha kusoma. Akakohoa. Akaikunja.

Najua kila neno la barua ile. Hakuna hata moja alilolisoma.

Anatuhurumia, ndiyo. Nimemsikia usiku upande wa pili wa ukuta, halali. Lakini nimejiuliza swali moja na limeninyima usingizi mimi pia. Kahawa ikioza, atanisomea kwamba imeuzwa vizuri? Shamba likipotea?

Sikumwambia niliyopanga kumwambia.

Jumatatu, 5 Aprili
Nimefanya jambo la hila. Nimekwenda mjini na barua ileile, nikampa Kaijage. Nikamwambia mwanangu hakuwa na nafasi ya kunisomea. Kiingereza anakijua.

Akasoma kwa sauti ya hakimu. Daktari anasema naweza kupona kabisa, ila Kampala, kwa mtaalamu, na haraka. Kwa hiyo nitoe fedha zote posta kabla ya Juni. Yeye atazitunza kwa ajili ya safari. Kiasi kitakachobaki kiingie kwenye lori.

Nilichukua barua yangu mkononi mwake. Nikaikunja haraka, nikasimama. Alidhani ni furaha. Akanipigapiga begani.

Kurudi nyumbani nilianguka mtaroni mara mbili. Wawili wameisoma barua moja. Mmoja amenidanganya kwa tamaa, mwingine kwa upendo. Mwizi simwogopi sana, nitamfungia mlango. Mwanangu nitamfungia mlango gani?

Ijumaa Kuu, 16 Aprili
Sikwenda kanisani.

Jumapili, 18 Aprili
Pasaka. Wageni, ndizi na nyama, pombe kwa majirani. Nilicheka walipocheka. Kaijage alituma salamu na kuuliza kuhusu lori. Sikujibu.

Jumamosi, 24 Aprili
Nimekumbuka Petro. Tulisoma pamoja utotoni kabla sijaenda kwa Walutheri. Ana duka dogo Kashozi, karibu na misheni ya Kikatoliki. Hatujaongea sawasawa miaka mingi. Kokushubira hampendi. Wakati wa vita alikwenda kwake kukopa chumvi, mtoto mgongoni, naye akamkatalia mbele ya watu. Hata hivyo mke wangu amenishika mkono njia nzima leo, maana utelezi ulikuwa mwingi. Tulipofika hakuingia. Alikaa nje.

Nilimpa Petro barua. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, alisoma akirudia maneno. Nikasikia anavuta kiti.

“Inasema utakuwa kipofu,” akasema. “Mwaka huu. Inasema hakuna la kufanya. Nirudie?”

Nikamwambia hapana.

Nilipata ahueni ya ajabu, kama mtu aliyetapika. Nikamwomba palepale awe mshauri wangu, ashike kitabu cha akiba, atoe na kuweka. Akakataa.

“Usinipe fedha, Mwalimu. Mimi najijua. Mwaka wa kwanza sitagusa. Mwaka wa pili duka litayumba, nitachukua kidogo, niseme nitarudisha. Nawe hutaona. Mtu asiyeona anamjaribu hata padri.”

Nilikasirika. Nilimwambia sikuja kusikia maungamo yake. Nikatoka.

Njiani Kokushubira akauliza alichosema. Nikamwambia amekataa. Akasema, “Chumvi ni yake, na fedha ni yako. Kukataa waziwazi anajua.”

Jumatano, 28 Aprili
Leo nimemwambia mke wangu yote. Barua, kazi, Kaijage, Elia. Nilisema Elia amenivunja moyo kwa kunificha ukweli.

Aliendelea kupepeta mtama. Akasema alijua. Elia akidanganya hukohoa, tangu mdogo. Na alijua kabla ya hapo, tangu siku ile ya hospitali, maana nilirudi kwa miguu na sikula.

“Na wewe, Taata Elia, ulinisomea nini siku ile?”

Miaka ishirini na nne ya ndoa. Nimefundisha watoto wa nusu ya Kibeta na Buhembe kusoma. Yeye sikumfundisha. Alijifunza katekisimu kwa kusikia, akabatizwa, nikaona inatosha. Mshahara wangu hajawahi kuujua. Kumbe hata habari za Kaijage angenieleza kama ningemwuliza. Mke wa Kaijage huuza kanga zake sokoni moja moja, kwa aibu, kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Kila mwanamke anayeuza ndizi analijua hilo.

Nimejiona mdogo sana leo.

Jumapili, 2 Mei
Nimemwomba yeye. Nilidhani atafurahi. Akasema hataki.

Alisema karatasi atawekewa mbele na mtu mwingine, naye hatajua inasema nini, basi atakuwa kama mimi tu, vipofu wawili. Na nikifa, ndugu zangu watasema amekula fedha ya ukoo. Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ameshafikiri yote hayo kabla sijamwuliza.

Baadaye, akizima moto, akasema, “Yule wa Kashozi asome. Mimi nitakaa nisikilize.”

“Humpendi,” nikasema.

“Ndiyo maana.”

Jumamosi, 8 Mei
Kashozi tena. Safari hii Kokushubira ameingia dukani. Petro alimwamkia, akamwita Ma Kokushubira, akampa kiti chake. Wala hakutaja chumvi, wala mke wangu hakuitaja.

Masharti ni ya Petro. Hatashika hata senti. Kitabu cha posta kitakaa kwetu, ndani ya sanduku la mke wangu. Karatasi yoyote itasomwa mara mbili kwa sauti, mara moja kwa Kiswahili, mara moja kwa Kihaya, Kokushubira akiwepo. Nisitie sahihi siku ileile. Akimaliza kusoma anipe ushauri wake kama anao, nami niukatae nikitaka. Ujira, chakula cha mchana.

Lori hapana. Hilo alilisema bila kuulizwa.

Si furaha. Ni kama kuezekewa nyumba na watu wawili wasiopendana. Lakini haitavuja.

Jumamosi, 15 Mei
Elia amekuja. Nimemwambia kwamba barua ile nilikuwa nimeisoma. Alilia, mtu mzima. Alisema hakuweza, mama alikuwa anamtazama. Nikamwambia namwelewa, nami sikuweza. Lakini mambo yangu ya fedha nimewapa wengine.

“Mkatoliki wa dukani,” akasema. “Badala yangu.”

Ameondoka kabla ya chakula. Mama yake alimfungia ndizi kwenye jani, hakuzichukua.

Jumatano, 2 Juni
Sioni ubao hata kidogo. Mtoto wa mbele ananisomea madaftari ya wenzake. Nimemjibu Kaijage hapana, kwa mdomo, mbele ya mkewe. Sikuongeza neno.

Jumatano, 30 Juni
Kazi imekwisha. Watoto waliimba. Sikujua nitazame wapi.

Jumamosi, 17 Julai
Petro amekuja na baiskeli, amelowa. Alisoma karatasi ya kiinua mgongo mara mbili. Kokushubira alimsimamisha kwenye neno moja la Kihaya, akasema siyo hilo, wakabishana kidogo, akarudia. Nimeacha sahihi hadi Jumatatu.

Kulikuwa na barua pia, kutoka Muleba, ya kwanza tangu Mei. Elia anaandika kwamba kahawa yetu anayotutunzia huko imeingia ukungu ghalani. Magunia matatu yametupwa. Kosa ni lake, alichelewa kuanika. Mkewe mgonjwa. Hana nauli ya kuja mwezi huu. Hakuna neno jema hata moja ndani ya barua ile.

Kokushubira aliomba isomwe tena. Kisha akampakulia Petro chakula.

Nimeandika haya kwa kuweka rula chini ya mstari. Kokushubira anasema mistari imepandana. Mvua imepungua. Anasema kesho atapanga safari ya Muleba, sisi wawili, kumwona mgonjwa.

Nimemwambia vema.