Moteri Inayowaka Bila Kusukumwa

Jumanne, tarehe 10, mwezi wa 10

Hii karatasi inisamehe. Tangu mvua ianze sijaandika hata mustari mumoja. Neema ananyonya wakati ninaandika. Sombe, majani ya muhogo, iko kwenye moto. Pikapu iko kwenye kiwanja, imekufa. Moteri, injini yake, ilipasuka kwenye mupando wa mulima wa Fizi, shemeji yangu Wilondja akivuta remorki, tela la simenti.

Bwana wangu Asukulu anafanya kazi Uvira. Amepiga simu asubuhi: tutafute moteri nyingine, mimi na mudogo wake Wilondja. Ikuwe ya kuvuta, anasema. Wilondja anataka kubwa kupita zote za hapa Baraka. Mimi ninataka kitu kimoja. Iwake na ufunguo, mikono yangu peke yake. Hapa kila muntu anaacha gari kwenye muteremuko ili isukumwe. Kiwanja chetu ni sawasawa kama meza.

Sijasahau ile Jumapili. Furaha, miaka yake minne, alishikwa na degedege. Nikazungusha ufunguo. Hakuna. Nikatoka barabarani kuita batu ba kusukuma. Bote balikuwa kanisani. Njia tupu, nyimbo tu. Nikamubeba mikononi mpaka hospitali, Neema mugongoni.

Furaha alipona. Mimi bado.

Jumatano, tarehe 11

Tumeona moteri ya esansi, ya petroli, kwa muuzaji mumoja karibu na soko. Iliwaka mara moja, sauti laini. Moyo wangu ulibaki pale. Wilondja akacheka: "Shemeji, hii ni ya kupeleka bibi-arusi kanisani. Simenti itairudisha nyuma mpaka ziwani!"

Nilikasirika. Lakini hasemi bongo, ni kweli. Niliona kwa macho gari ya pasta wa kanisa, ya esansi, imeshindwa kwenye ule mupando na remorki nyuma, batu banakimbia kuweka mawe kwenye tairi. Na esansi yenyewe tunainunua kwa chupa, wauzaji bengine banatia maji ndani. Remorki ndiyo inatulisha.

Basi, moteri ya mazuti, dizeli yenye nguvu. Ninaandika hivi bila furaha.

Ijumaa, tarehe 13

Muuzaji mwingine, kule mashua zinashusha mizigo. Alikuwa na moteri mbili za mazuti, zimewekwa juu ya tairi. Moja kubwa, iko na turbo ya kuongeza nguvu, imepakwa rangi. Ingine ndogo, bila turbo, nyeusi kama chini ya sufuria. Wilondja hakuitazama.

Niliweka kitenge cha Neema juu ya ile kubwa ili nimufunge vizuri. Kisha bakaiwasha. Ikanguruma, udongo ukatetemeka miguuni. Batu bakapiga makofi. Wilondja alikuwa tayari na simu kwenye sikio, anaambia Asukulu.

Mimi nilikuwa nimeshika kitenge. Kilikuwa cha moto, kama kimetoka kwenye pasi. Na nilikitoa kabla baiwashe.

Kumbe muuzaji aliiwasha na kuipasha moto kabla tufike. Moteri ya mazuti ikiwa ya moto inawaka kwa kila muntu. Nikasema: leo hapana. Ilale hivi. Kesho asubuhi tuiwashe baridi.

Muuzaji akasema kwa sauti, bote basikie: "Mama, unanunua moteri ao unaoa?"

Nikamujibu: "Ninaoa. Ndiyo maana ninataka kumuona akiamuka."

Balicheka, lakini Wilondja hapana. Njia nzima alitembea mbele yangu. Asukulu naye amekasirika kwenye simu: itanunuliwa na mwingine, wewe utabaki na maneno yako. Kama nimekosea, remorki italala tena, na ni mimi nitakuwa nimeilaza.

Jumamosi, tarehe 14

Nilifika kabla ya muuzaji. Nikakaa juu ya ndoo, nikanyonyesha, macho kwenye moteri. Alinikuta pale. Wilondja akafika, muuzaji akafunga waya za bateri.

Ile kubwa ilizunguka, ikazunguka. Moshi mweupe. Hakuna. Akasema ni bateri. Wilondja akaenda kuazima ingine, nzuri. Ikazunguka kwa nguvu. Hakuna. Wilondja akaangalia chini.

Nikasema: ile ndogo. Muuzaji akakunja uso: "Ile hata remorki ya ndizi itaishinda, mama." Iwashe tu, nikamwambia. Iliwaka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Baridi hivyo hivyo. Nililia kidogo, nikajifuta na kitenge.

Asukulu kwenye simu: hiyo haitavuta simenti. Nikasema itavuta nusu. Tutapanda Fizi mara mbili. Remorki inaweza kurudia safari. Mutoto hawezi. Akahesabu safari na mazuti kwa sauti. Kisha: "Chukua, Mama Furaha."

Jumatano, tarehe 18

Fundi anaiweka. Wilondja ananung'unika, lakini ni yeye anashika funguo za fundi na kupangusa boloni, bolti za moteri. Nimechoka. Sina neno lingine.

Ijumaa, tarehe 20

Wilondja amepanda Fizi na nusu ya simenti. Nilifua nguo zilezile mara mbili bila kujua. Ugali uliungua. Kila pikipiki iliyoshuka, nilitoka kwenye mulango.

Saa ya mchana simu ikalia. "Shemeji, bibi-arusi wako amefika. Anatembea kama bibi-kizee, lakini amefika. Ninashuka kuchukua nusu ingine."

Nilikaa chini, pale pale kwenye mulango.

Jumapili, tarehe 22

Bote bako kanisani. Njia tupu. Nyimbo zinafika mpaka kiwanjani.

Nilibaki nyuma kidogo. Neema mugongoni, Furaha kwenye kiti. Nikazungusha ufunguo. Ikawaka. Niliisikiliza kidogo, nikaizima. Furaha akauliza tunaenda wapi. Nikamwambia hatuendi fasi yoyote, nilitaka tu kuisikia. Tukafuata nyimbo kwa miguu, tumechelewa.

Asukulu atume bado kutoka Uvira: filtre mbili za kuchuja mazuti. Mukanda mumoja wa moteri. Mupira wa chini wa radiateri. Boloni nne za kufungia remorki. Dawa ya homa ya Furaha, ile ya maji. Na sandali zake, namba ishirini na sita, nyekundu kama ziko.