Anayeingia Anasaini

Jumatatu, 4 Mei

Mvua ya mawe tena. Maji yameingia rafu ya sayansi. Vitabu vya fizikia nimevihamishia mezani kwangu, vimevimba kama mandazi. Gambuti za wachuma chai na watoto wao zimejaa mlangoni na Mzee Sang, bawabu wetu, amezipanga mbili mbili. Ndani wasomaji thelathini hivi, wengi wa kidato cha nne. Kwao ni chumba kimoja, kuku na redio. Hapa wana meza na taa. Kila mmoja amesaini daftari langu. Miaka kumi na miwili nimeufundisha mji huu jambo moja: anayeingia maktaba anasaini.

Saa saba ikaja barua. Kaunti inapendekeza pesa za maktaba ziende basari za karo, na jengo liwe ofisi ya Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi yetu. Jumatano kuna kikao cha maoni ya wananchi. Eti vitabu ni vya zamani. Ni vya zamani, ndiyo! Nani amekataa kununua vipya? Unamnyima ng'ombe nyasi halafu unamgombeza hana maziwa.

Nimepiga teke ndoo ya kukingia mvua. Kidole kimefura.

Jumatano, 6 Mei

Nitaandika yote yalivyotokea.

Kikao kilikuwa ukumbi wa kanisa. Nilienda na wasomaji na wazazi wao. Karani wa kaunti alikuwa na mkate, soda na karatasi za mahudhurio, na watu wanasukumana. Siwezi kuvumilia fujo mlangoni. Nikamnyang'anya karatasi, nikapanga foleni, nikahakikisha kila mzazi ameandika jina, kitambulisho na sahihi. Karani akanishukuru sana.

Mheshimiwa akasema watoto wa siku hizi wana simu, maktaba ni mambo ya mkoloni. Mama Chebet akainuka. Anachuma chai, na binti yake Chebet yuko kidato cha nne. "Mheshimiwa, simu yangu ni mulika mwizi. Chebet atasoma nini hapo? Tochi?"

Ukumbi ukacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Vijana wa Mheshimiwa walikuwa nyuma, vijana gani wenye ndevu, wakaanza kurusha viti. Kimoja kikampasua Mama Chebet juu ya jicho. Damu ikalowesha leso, ikashuka shingoni. Mtu akanishika nywele kwa nyuma. "Rudi kwenu ziwani!" Wazazi ndio walitoka huko; mimi nimezaliwa hapo chini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Nilimuuma mkono mpaka nikaonja chumvi. Sijutii.

Alhamisi, 7 Mei

Mama Chebet ameshonwa nyuzi saba. Dada yangu aliyeolewa Siongiroi amepiga simu, niende kwake mambo yapoe. Nimekataa.

Nimesoma ripoti ya kikao. Imebandikwa ukutani ofisi ya wadi. "Wananchi waliohudhuria wameunga mkono pendekezo." Chini yake, kama ushahidi, majina na sahihi. Karatasi zangu. Foleni yangu, imenyooka vizuri.

Hakuna aliyeunga mkono chochote. Viti viliruka kabla hatujaulizwa. Lakini sahihi ni zao, na aliyewashikisha kalamu ni mimi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi maktaba, nikajigonga kichwa ukutani mara mbili, kwa nguvu, mpaka Mzee Sang akanivuta.

Ijumaa, 8 Mei

Lori lilikuja saa tatu asubuhi kubeba rafu. Wasomaji wakajifungia ndani. Mzee Sang akasimama mlangoni na rungu lake. "Hapa hakuna mtu anapita." Vijana wa lori wakampiga na chuma. Nilisikia mkono ukivunjika.

Halafu mawe. Madirisha yote. Watoto wakapiga mayowe chini ya meza. Polisi wakaja, nikashukuru Mungu, na polisi wakarusha gesi ndani. Ndani! Watoto wakatoka wakitapika, wakikanyaga vioo miguu mitupu, maana viatu huachwa mlangoni. Chebet nilimwona akitambaa.

Nikarudi ndani macho yanawaka. Mwanaume mmoja alikuwa anabomoa rafu ya hadithi. Nikaokota ubao, nikamtandika mdomoni. Meno yakamtoka. Nilifurahi. Akageuka, nikamjua. Cheruiyot. Alisomea mtihani wake meza ile ya dirishani, nikimwazima kalamu. Akasema, "Madam." Nikampiga tena.

Hilo la pili ndilo linaloniogopesha.

Rafu zimeenda. Mlango una kufuli si letu.

Jumapili, 10 Mei

Mzee Sang amefungwa plasta mpaka begani. Cheruiyot hajanishtaki. Sijui kama nimefurahi.

Ofisi ya bunge la kaunti inapokea pingamizi mpaka Jumanne. Waliosaini wakisaini tena kwamba hawakuunga mkono, ripoti inarudishwa na kikao kinaitishwa upya. Basi. Ni sahihi tu. Baada ya ibada nikazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi.

Hakuna hata mmoja. Baba mmoja alinifungulia mbwa, sketi imeraruka. Kwingine niliona miguu ya watu chini ya pazia, wametulia tuli, wananingoja niondoke.

Mama Chebet jicho limefumba kabisa. Alinikaribisha, akanipa chai. Nilipotoa karatasi aliisukuma na kiwiko, hakutaka hata kuigusa. "Madam, ulisema tusaini, tukasaini. Chebet ako na vidonda kwa nyayo. Mimi sisaini kitu tena, hata ya kanisa."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika mkono huo kwa nguvu, niushikishe kalamu. Nikaona nimeshaanza kunyoosha wangu. Nikaurudisha. Nikanywa chai mpaka ikaisha, tukaongea juu ya mvua.

Jumanne, 12 Mei

Ukungu asubuhi yote. Baridi.

Nimepeleka pingamizi. Nimeandika kwamba niliwapanga foleni mwenyewe, kwamba hakuna aliyesomewa kitu wala kuulizwa, na kwamba mimi ni mfanyakazi wa kaunti. Wakitaka kunifuta kazi wanajua pa kunipata. Chini nikasaini.

Karani wa pale akageuza karatasi, akatazama nyuma, akaigeuza tena. Akauliza wengine wako wapi.

Nikamwambia wako shambani, leo wanachuma.

Akapiga muhuri, akaiweka juu ya karatasi zingine.