Sabuni kwenye Kava ya Injini

Baba yangu,

Ijumaa, baada ya sala, ami Seif alikuja na spana zake kuitengeneza pikipiki yako. Tangu ulipofariki ilikuwa imekaa tu kichochoroni, ikidondosha oili mbele ya mlango, na mama alishachoka kumwaga mchanga pale ili watu wasiteleze.

Unamjua ndugu yako akishika spana, mdomo haupumziki. Alimwaga oili kwenye beseni, akaifungua kava ya injini iliyokuwa ikivuja, kisha akanipa mswaki mkuukuu na petroli kidogo. "Haya, msomi. Kitabu weka chini, nisugulie hii."

Nikasugua. Ile sabuni ya mche uliyokuwa ukiipaka kuziba oili, kila asubuhi kabla ya kunipeleka skuli, ilikuwa imeganda, nyeusi kama lami. Mie ndiye niliyekushikia kipande. Ukimaliza kupaka unafuta vidole na kusema, "Twende, mzee wetu kashanyolewa." Nilipokuuliza kwa nini inavuja, ulinijibu, "Uzee tu, mwanangu."

Sabuni ilipotoka nikauona ufa. Katikati yake pana kibonyeo, na ndani ya kibonyeo imejibana chembe ya chokaa. Nikaijua. Ni ya ukingo wa baraza yetu.

Sikuwahi kukwambia, baba. Nilikuwa na miaka tisa, nimepanda juu ya pikipiki nasoma kitabu cha hadithi, nikajivuta kufuata kivuli. Ikaangukia baraza. Niliisukuma kwa mgongo mpaka ikasimama, nikaingia ndani nikajifanya nimelala.

Ami aliichukua kava akaigeuzageuza juani. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hajui kutunza chombo. Kava kama hii ya kupasuka?"

Unajua nilivyo mzito wa kusema. Lakini ulipolaumiwa mbele yangu, nawe hupo wa kujibu, sikuweza kukaa kimya.

"Si yeye, ami. Mie niliiangusha."

Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kuukwaruza ufa kwa msasa. "Nnajua. Alikuona kutoka dirishani, akanambia siku ile ile. Akasema akiuliza mtu, niseme ni yeye."

"Mbona mie hakunambia?"

"Na wewe ulimwambia?"

Tukaujaza ufa gundi ya chuma, tukaiacha ikauke mpaka Jumamosi, tukaifunga na gasketi mpya. Haivuji tena. Mama kaufagia mchanga wote, anafurahi. Mie sijielewi.

Kila asubuhi ulinipa sabuni niishike, nawe unajua, nami najua. Ulikuwa unanisubiri niseme? Au ulishanisamehe zamani, na sabuni ilikuwa sabuni tu? Nikifikiri hili la kwanza naona aibu. Nikifikiri la pili nalia, halafu narudi tena kwenye la kwanza. Ami hajui. Mama sijathubutu kumuuliza.

Leo asubuhi, nimeshavaa sare, nilichukua kile kipande cha sabuni dirishani, nikachuchumaa mbele ya pikipiki. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna tena pa kupaka. Nilikaa hivyo hivyo mpaka mama akaniita, nami nikachelewa kumjibu naam.

Pumzika, baba. Ni mie niliyeiangusha.

Binti yako, mshika sabuni