Baba, Mfungue Huyo Mbuzi

Kitengela,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Kitengela, ambako vumbi limezidi watu na bado watu wanazidi kuja. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na maji ya mfereji yanafika kwenye vitunguu kabla majirani hawajayakatiza. Mama msalimie sana. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu Alhamisi.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu siku hizi. Ningepiga simu, lakini tunajuana: nikifika sentensi ya tatu ungekuwa umeshanijibu, na jibu lenyewe lingekuwa la swali lingine. Kwa hivyo nimempa kaka Mutunga, nikamwambia asiondoke Entarara mpaka akuone umeisoma yote. Ukimfokea, kumbuka yeye ni tarishi tu.

Alhamisi Mama alinipigia akilia. Aliniambia umenunua mbuzi dume, umemfunga nyuma ya ghala, na kwamba si wa Krismasi, ni wa kiapo. Akasema umetuma neno kwa wazee wa Kibwezi kuwa Jumamosi ijayo utakwenda kula kithitu, kile kiapo cha wazee wetu, mbele yao, uape kwamba Macharia ndiye aliyekuuza siku ya fainali yangu ya tenisi. Wewe, Baba, mzee wa kanisa, unayeshika sahani ya sadaka! Mchungaji akisikia atakuketisha benchi la nyuma mpaka parapanda ilie. Lakini si mchungaji anayenitia hofu. Ni wewe uliyenifundisha tangu nikiwa mdogo kwamba kithitu hakina mchezo, kwamba anayeapia jambo lisilo kweli, hata kama yeye analiamini, kiapo humrudia yeye na nyumba yake. Ndiyo sababu nakuandikia, na naomba unisikize mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa mlinzi kwenye shamba la maua, na ukitoka kazini unachunga mbuzi wako kwenye uwanda nyuma ya nyumba. Macharia jirani yetu alikuwa akifundisha tenisi kwenye uwanja wa mameneja, nami naokota mipira. Ni yeye aliyenipa raketi ya kwanza, nyuzi zake zimekatika katikati, akanionyesha jinsi ya kuishika. Wewe ulikuwa ukisimama nje ya waya, ukitazama. Siku moja ukaja mpira mfupi, nikasita, nawe ukapiga ule mluzi wako wa kusogeza mbuzi mbele. Nilikimbia hadi wavuni kabla sijafikiri, nikaupiga mpira ukafa palepale. Tulicheka wote, na Macharia ndiye aliyecheka zaidi.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa kocha wangu. Mluzi mfupi, nenda mbele. Mluzi mrefu, rudi nyuma. Ule unaopinda mwishoni, piga kushoto kwa mpinzani. Nikawachapa wasichana wa Nairobi waliokuja na makocha, madaktari na chupa za maji za rangi tatu. Watu walidhani mzee mwenye kofia ya sufu amechanganyikiwa. Ni Macharia tu aliyeelewa, akakushauri uniache nianze kujiamulia, nawe ukamwambia kila mtu achunge mbuzi wake. Aliondoka, akaanza kumfundisha msichana mwingine, Valerie. Nilikuwa upande wako, Baba. Nilimwona ana wivu.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa akikutania. Alikuwa akisema dawa yako ni njugu karanga, maana ukizitafuna huwezi kupiga mluzi, na mbuzi hujiendea watakako. Nawe ulikuwa ukikasirika, ingawa jioni mbuzi walirudi wote.

Nilipoingia mashindano ya kulipwa, mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Michezo mingi ilikuwa Nairobi, na wewe ulikuwa jukwaani. Jina langu lilipanda kwenye orodha ya dunia mpaka kanisa letu likaniimbia. Kisha nikaenda Tunisia peke yangu, na huko nikaporomoka. Nilikuambia ni upepo wa bahari. Mara nikakuambia ni chakula, mara ni kifundo cha mkono, na mkono kweli uliuma, lakini mkono haukuwa ndio ugonjwa. Mpira ulikuwa unakuja, nauona vizuri, na miguu yangu inasubiri. Inakusubiri wewe. Siku moja mtu nje ya ukuta alimpigia mbwa wake mluzi, nami nikatimka hadi wavuni. Mpinzani akaupitisha mpira juu ya kichwa changu, taratibu kabisa, kama mtu anayempa mtoto ndizi. Usiku huo sikula. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu maishani.

Nikarudi nyumbani, jina limeteremka mpaka halionekani, nikawa nafundisha watoto hapa mtaani ili nisikae bure. Wewe ukaniambia ni bahati mbaya, tutafanya mazoezi zaidi, na ukapiga mluzi zaidi.

Sasa nifike kwenye fainali. Ulikaa safu ya tatu, na yule wa upande wa pili wa wavu alikuwa Valerie. Mshindi angepelekwa kwenye mashindano makubwa, na mimi ilikuwa nafasi yangu ya kurudi. Seti ya kwanza niliichukua na mluzi wako. Ya pili tulipokuwa sawa, Valerie aliteleza, upande wote wa kushoto ukabaki wazi, na macho yangu yakauona. Wewe ukapiga mluzi mrefu, rudi nyuma. Nikarudi. Uwanja ule wazi nikauacha, nikarudi nyuma, Baba, nikaipoteza ile pointi na baadaye seti. Nikiwa nimekaa kwenye kiti najifuta jasho, nikagundua kwamba nimekuwa mtu mzima na sijawahi kuamua mpira hata mmoja.

Unayokumbuka wewe ni kwamba walinzi walikuja, wakakushika mkono, wakakutoa mbele ya watu. Ukapita karibu na Macharia, ukamnyoshea kidole ukamwita Yuda, uwanja mzima ukasikia. Tangu siku hiyo hujamsemesha, na kila aliyekutembelea umemweleza jinsi alivyokwenda kwa mwamuzi kukushtaki.

Hakwenda, Baba. Ni mimi.

Nilimwita mwamuzi nikiwa pale kwenye kiti. Nikamwambia kuna mtu anapiga mluzi mpira ukiwa hewani na ananivuruga. Akaniuliza ni yupi. Nikanyosha raketi nikakuonyesha. Akaniuliza kama nakufahamu, nikamjibu kuwa wewe ni baba yangu, na nikamwomba akutoe. Akaniuliza mara ya pili, nadhani alitaka kuhakikisha amesikia vizuri. Macharia alikuwa amesimama hatua chache tu, na alisikia kila neno. Ulipomwita Yuda alikuwa anajua ni nani hasa, na akanyamaza.

Seti ya tatu nilishindwa, hilo unalijua, na umesema ni kwa sababu walikutoa. Sitabishana nawe. Palikuwa kimya na niliogopa sana. Lakini kuna mpira mmoja haukuuona. Ulikuja mfupi, hakuna aliyenipigia mluzi, nami nikaenda. Niliupiga ukatoka nje. Lakini nilikwenda mwenyewe.

Jana Macharia alikuja hapa kwangu. Hakuketi, hata chai alikataa. Aliniambia amepata ujumbe wako na Jumamosi atafika Kibwezi kula kithitu, ingawa kwao hakuna mambo hayo, kwa sababu amechoka kuitwa Yuda mpaka sokoni. Kisha akasema, na nakuandikia vile alivyosema, kwamba yeye hana kitu ya kuogopa, lakini mzee Muteti, yaani wewe, ako nayo na hajui. Nikamuuliza kwa nini hakukueleza tangu mwanzo. Akasema jambo kama hilo mzazi huambiwa na mtoto wake, si na jirani.

Kwa hivyo nimekuambia. Sikuombi msamaha kwa kutaka utolewe, maana nikirudishwa pale kwenye kile kiti nitafanya vilevile, na heri ukasirike kuliko nikudanganye mara ya pili. Naomba msamaha kwa ile raketi. Mtu hamnyoshei baba yake raketi mbele ya watu. Na naomba msamaha kwa kukaa kimya nikiona mtu mwema anachafuliwa jina, kwa sababu tu niliogopa uso wako. Bado nauogopa.

Baba, mfungue huyo mbuzi. Ukitaka kumchinja, mchinje nyumbani, umwite Macharia ale nyama, na umwambie mwenyewe neno analostahili. Usimtume Mutunga kwa hilo.

Mwezi ujao nacheza mchujo hapa Nairobi. Naanza chini kabisa, na wasichana ambao mimi niliwapita zamani. Huenda nikatoka siku ya kwanza. Lakini ningependa uwepo. Tangu utotoni umeniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako, basi nisikize mara moja kama ungemsikiza yeye. Nimeshazungumza na watu wa mlangoni wakuruhusu uingie. Safu ni ileile ya tatu, na juu ya kiti utakuta mfuko wa njugu karanga. Mama amenikaangia, kilo nzima.

Nisalimie wote wa nyumbani na wa kanisani, na Mungu akuongezee siku, ukiwa umenikasirikia au hujanikasirikia.

Ni mimi binti yako, na mama yako kwa jina,
Nzula Muteti