Mawe ya Kuzuia Mto

Elburgon, 9 Mei 1957

Ndugu yangu Micah,

Pokea salamu. Mahindi yameota vizuri, na ng'ombe wako amezaa.

Dhoruba ya Aprili ilibomoa reli. Basi fedha na mawe ya ukuta wa kuzuia mto usiingie kambini kwetu vikahamishiwa relini. Nilimuuliza msimamizi wa kiwanda cha mbao, "Na sisi wa kambini?" Akajibu, "Mbao za bwana haziwezi kungoja." Mimi mwenyewe niliyapakia mawe yale.

Jumapili treni ilipita, imejaa mbao. Jumatatu mto uliingia kambini ukamchukua mama yetu. Tulimpata chini ya daraja, tukamzika.

Leo msimamizi ameniagiza nipakie mawe mengine ya reli. Nikikataa, mimi na watoto tutafukuzwa kambini.

Nimepakia, Micah.

Nduguyo,
Kosgei